Kona Zisizojibu

Mji wa Ngazi, 4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo hata kununua chumvi ni kupanda ngazi. Mimi mzima, ila magoti yameanza kuninung'unikia. Natumai mgongo wako umetulia na kwamba wenzako wa chumba cha ushonaji bado wanakuogopa inavyostahili. Nisalimie sana binti yangu. Mwambie asihangaike kunipigia simu. Iliingia maji nikiosha vyombo mtoni, na tangu siku hiyo imekuwa pambo tu. Ndiyo maana unaniona nimerudi kwenye kalamu na karatasi uzeeni.

Tutafanya hivi: kila barua nitakutajia mji unaofuata, nawe uniandikie kwa posta ya huko, juu ya bahasha useme kwamba mwenyewe atakuja kuichukua. Miji naiita kama marehemu wifi yako alivyoiita kwenye ramani yake ya penseli; majina halisi ya posta nakuandikia nyuma ya bahasha. Huu aliuita Mji wa Ngazi, na hakukosea hata kidogo. Nyumba zimepandana ubavuni mwa mlima, dari ya huyu ni kibaraza cha yule. Kuna kisima cha mawe ambacho mdomo wake umelika kwa kamba za watu waliokufa zamani. Nilikaa pale asubuhi nzima nikila mkate wa jana.

Mkate, ndiyo. Unakumbuka gari letu lilikuwa la kusambaza mikate kabla mimi na marehemu hatujalitia kitanda, jiko la gesi na lile kabati la kijani? Rangi ya ubavuni imeanza kubanduka, na neno la zamani limechungulia. Jana nimeegesha uwanjani, kugeuka naona watu wamepanga foleni nyuma. Mzee mmoja alikuwa ameshika kikapu. Nilimpa mkate wangu, ningefanyaje.

Ajali ndogo tu imenipata njiani. Beringi ya gurudumu la mbele kushoto imekufa ghafla, bila hata kulia. Fundi wa hapa alidai eti ilikuwa inalia muda mrefu, na kwamba hata yeye aliisikia nikiingia mjini. Nikamwacha na maneno yake. Mimi ndiye ninayeitwa Sikio, siyo yeye.

Nia yangu unaijua. Nitavuka Barabara ya Juu kabla ukungu wa katikati ya mwaka haujaifunga, nisimame pale kileleni ambapo mabonde yote mawili yanaonekana kwa pamoja. Marehemu alipachorea duara mara mbili kwenye ramani. Nilimwahidi akiwa kitandani hospitalini, na sitaki kuzeeka na ahadi hiyo.

Niandikie kwa posta ya Mji wa Mnara.

Mdogo wako,
Fundi


Nyumbani, 19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipokea kwa mkono wangu mwenyewe posta, na karani akanitania kwamba nina mchumba milimani. Nimemwambia ni mdogo wangu aliyetoroka nyumbani na gari la mikate. Tumecheka sote.

Huku tu wazima. Mgongo wangu ni uleule. Binti yako anakusalimu, lakini salamu zake zina miiba. Anasema baba mwenye akili timamu hawezi kumzika mke, halafu mwaka haujaisha anajifungia ndani ya bati na kwenda kupanda milima peke yake. Anasema pia simu mpya zinauzwa kila mahali, hata milimani. Anataka urudi, gari liuzwe, uhamie kwake kwenye kile chumba cha nyuma. Tayari ameshanunua pazia. Mimi nimesimama katikati, huku anavuta yeye, kule unavuta wewe. Siku nikipata hofu ya kweli nitakuwa upande wake, ujue hivyo.

Kazi inaendelea. Sare za shule, kama kawaida.

Hilo la beringi limenishangaza. Mwaka ule wa harusi ya binti yako, watu mia wakiwa wanaimba, wewe uliacha sahani ukatoka nje kumwambia mgeni kwamba beringi ya gari lake haitafika mwezi ujao. Umeisikia ya mgeni ndani ya kelele za harusi, ya kwako imekufa bila kukuaga? Labda umechoka. Pumzika. Usiendeshe ukiwa na usingizi.

Na wewe kula kitu kingine zaidi ya mkate.

Dada yako


Mji wa Mnara, 12 Machi

Dada yangu,

Nashukuru kwa barua na hata kwa miiba ya binti yangu, maana miiba yake ni ya mama yake. Mwambie pazia alihifadhi. Afya yangu ni nzuri, hewa ya huku inalevya. Asubuhi naamka, nafungua mlango wa nyuma, na mlima umejaa mlangoni wote, mpaka najiona natakiwa kuubishia hodi mimi.

Watu wa milimani ni wema, ila wana tabia moja ya ajabu: wananong'ona. Muuza maziwa ananong'ona, karani wa posta ananong'ona. Nadhani ni huu ukimya wa milima umewazoeza. Mimi nawatazama midomo na tunaelewana vizuri tu.

Sasa nikusimulie kuhusu mnara. Uko katikati ya uwanja, mawe matupu, na juu yake kuna kengele ambayo wanajivunia tangu enzi za babu wa babu zao. Wageni tulikusanyika chini yake mchana kuisubiri. Akina mama wakawaziba watoto masikio, njiwa wote wakaruka kwa mkupuo mmoja, halafu basi. Kimya. Nilihisi mtetemo kidogo kifuani, nikageuka kuangalia kama kuna lori linapita. Kengele yao imekufa, Dada, na hawataki kukubali. Walipiga makofi!

Nilimhurumia mlinzi wa mnara. Nikamfuata nikamwambia, fundi kwa fundi, kwamba ulimi wa kengele utakuwa umelegea, na niko tayari kupanda kuukaza bila malipo. Alinitazama sana. Kisha akanipigapiga mgongoni, akaenda zake.

Adabu ya madereva ndiyo inayonikera. Kona za huku ni za gari moja tu, ukuta upande huu, shimo upande ule. Desturi yao ni kwamba kabla ya kona unapiga honi, na ukijibiwa unasimama umpishe anayeshuka. Mimi napiga honi kila kona kama mtu mwenye heshima zake. Hakuna anayejibu. Halafu nikizunguka nakutana na mtu pua kwa pua, ananitikisia mkono kana kwamba mkosaji ni mimi. Imetokea leo tena, safari hii basi la abiria.

Hata hivyo, nasonga. Nitakaa hapa kidogo nibadilishe maji ya radieta, halafu naelekea Mji wa Daraja, ambao ndio wa mwisho kabla ya Barabara ya Juu. Niandikie hapa hapa kama utawahi.

Mdogo wako


Nyumbani, 27 Machi

Mdogo wangu,

Salamu za wote. Hatujambo. Leo siendi mbali na salamu.

Nimeisoma barua yako nikiwa posta, nikaisoma tena njiani, nikaisoma tena nikiwa nimekaa kitandani na viatu miguuni. Mara ya kwanza nilicheka kuhusu kengele. Mara ya pili sikucheka.

Njiwa waliruka. Watoto walizibwa masikio. Watu walipiga makofi. Wewe mwenyewe ulihisi mtetemo kifuani na hapakuwa na lori. Kengele ililia, mdogo wangu. Ililia sana, na wewe ulikuwa umesimama chini yake.

Watu wa milimani hawanong'oni. Beringi ililia mpaka fundi wa Mji wa Ngazi akaisikia. Na madereva wote wale wanakujibu kila kona.

Najua jina lako la kazi ni Sikio na najua jina hilo lina maana gani kwako. Wateja walikuwa wanaleta magari kutoka mbali ili wewe uweke bisibisi kwenye injini, upande wa pili kwenye fupa la nyuma ya sikio, ufumbe macho na kuwaambia ugonjwa. Sikudharau. Lakini umepiga nyundo na kusimama kando ya injini zilizo wazi tangu ukiwa kijana, na vitu hivyo vinadai.

Binti yako sijamwambia. Nikimwambia atapanda gari kesho, na safari yako itaishia hapo, nami naijua safari hiyo ni ya nani. Kwa hiyo nakuomba wewe kwanza. Usiende Barabara ya Juu. Kaa ulipo, liegeshe gari, niandikie. Usipande hata kona moja mpaka nimekujibu. Sijawahi kukuomba kitu kwa lugha hii.

Dada yako


Mji wa Daraja, 30 Machi

Dada yangu,

Hamjambo huko? Nilisubiri Mji wa Mnara mpaka nikaanza kuonekana kama mmoja wa njiwa, barua yako haikuja, nikaona nisogee. Nimefika salama. Daraja lenyewe ni la mawe, lina matao, na juu yake kuna vijiduka vidogo vya watengeneza viatu, kila kimoja na dirisha linalotazama maji. Mmoja amenishonea kandambili yangu huku miguu yangu inaning'inia juu ya mto. Marehemu angekaa hapo mwezi mzima.

Jioni nazungumza naye, nisikufiche. Siyo kwa sauti. Namwambia tu moyoni kwamba tumefika mahali fulani, na kwamba alikosea kuandika kuwa mji huu una bustani, ni uwanja wa kukaushia ngozi. Nadhani anacheka.

Nimesoma tena barua yako ya Februari kwa sababu sina nyingine ya kusoma. Dada, kuna kitu. Umeandika "Kazi inaendelea, sare za shule, kama kawaida." Basi. Wewe, ambaye hujawahi kunisimulia siku ya kazi kwa chini ya ukurasa mzima, ni nani amekata kitambaa kombo, ni nani ameshona mfuko wa suruali upande usiofaa? Kulikoni huko? Usinijibu kwamba hakuna kitu.

Nitaanza kupanda Barabara ya Juu kesho asubuhi. Wanasema ukungu mwaka huu unawahi. Upande wa pili, kwenye mteremko wa kwanza, kuna Mji wa Chumvi. Niandikie huko.

Nikifika kileleni nitasimama kwa niaba yenu wote.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, maneno yaleyale. Moja naituma Mji wa Daraja, nyingine Mji wa Chumvi, maana sijui uko upande gani wa mlima, wala kama uko.

Barua yangu ya mwezi uliopita imelala Mji wa Mnara. Ndani yake nimekuambia kitu kimoja tu: husikii. Kengele ililia. Madereva wanajibu.

Karani wa posta ananiletea kiti sasa nikiingia. Haniulizi. Leo mfuko wa barua ulipofunguliwa alinitazama, akatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Binti yako amekuja jana kuniuliza kama nina habari zako, nikamwambia huna neno, nikamkaangia mayai, nikashindwa kuyala ya kwangu.

Andika mstari mmoja. Andika neno moja. Andika jina lako tu.

Dada yako


Mji wa Chumvi, 2 Mei

Dada yangu,

Fundi. Ndilo jina langu, umeliomba. Niko hai na sina hata mchubuko. Hapa posta nimekuta barua yako ya Aprili, na ile ya Machi wameniletea leo kutoka Mji wa Mnara. Nimezisoma kinyumenyume, ya mwisho kwanza. Nisalimie wote. Samahani kwa kiti cha karani. Mwezi mzima nimekaa hapa nikiikwepa kalamu kwa aibu.

Ungeniandikia mapema zaidi nisingekuamini, kwa hiyo usijilaumu kwa posta.

Nilianza kupanda asubuhi, hewa safi. Kona ya kwanza nikapiga honi, ya pili nikapiga, zote nikapita salama. Karibu na kilele kuna kona wanayoizungushia kamba nyekundu. Nikapiga honi, nikangoja kidogo, nikaona kimya, nikaingia. Lori la maziwa lilikuwa linashuka. Dereva alikanyaga breki mpaka sehemu ya nyuma ya lori ikapinda ikasimama ukingoni, gurudumu moja likiwa hewani. Mikebe ya maziwa ikaanguka, mmoja baada ya mwingine, bondeni. Niliiona ikigonga mawe. Sikusikia hata mmoja.

Dereva akashuka. Ni mama wa makamo, ana mikono mikubwa kuliko yangu. Nilitegemea anitukane, na midomo yake kweli ilikuwa inaenda mbio. Halafu akanitazama vile alivyonitazama mlinzi wa mnara. Akanishika mkono kama mtu anayemvusha mtoto barabara, akanipeleka kwenye lori lake, akaweka kiganja changu juu ya boneti na mkono wake mwingine akabonyeza honi. Ilitetemeka mpaka kwenye kiwiko changu. Akaibonyeza tena. Akanitazama, akasema polepole, nikayaona maneno yote:

"Baba, nilikujibu. Nilikujibu mara tatu."

Nikamwambia nimesikia. Dada, hata pale nilidanganya. Kisha nikakaa chini barabarani, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua, na yeye akakaa kando yangu akiwa na maziwa mpaka kwenye viatu. Tulisaidiana kulirudisha lori. Yeye ndiye aliyeendesha gari langu mpaka huku chini, akaniacha hapa uwanjani, akarudi kufuata lori lake kwa lifti ya mtu.

Sasa nikuambie ukweli wote, maana nikianza na robo sitamaliza. Simu haikuingia maji. Iko kwenye kabati la kijani. Nilikuwa naona taa yake ikiwaka, naipokea, naweka sikioni, na binti yangu hayumo. Nilifikiri simu ni mbovu. Halafu nilijua siyo simu, nikaifungia kabatini ili nisiendelee kujua. Fundi gani anakwenda kumwambia daktari kwamba kifaa chake cha kazi kimekufa?

Lakini kuna kingine, na hiki ndicho kinachonikosesha amani. Tukisafiri na marehemu, miaka ile ya mwisho, tukikaribia kona alikuwa ananigusa bega. Kidogo tu, kwa vidole viwili. Mara nyingine hakunigusa. Nami bila kufikiri nilijifunza, akinigusa napunguza mwendo, na ikawa kweli gari limekuja. Na nyumbani pia, mgeni akibisha hodi, maziwa yakichemka, alikuwa ananigusa bega akipita. Dada, nilidhani ni mapenzi. Miaka yote hiyo nilifurahi kimoyomoyo kwamba mke wangu hawezi kupita karibu yangu bila kunigusa. Kumbe alikuwa anasikia kwa niaba yangu na hakutaka nijue.

Kilele nilikipita nikiwa kiti cha abiria, nimejifunika uso. Sikuona bonde hata moja.

Nimeamua kurudi. Mwoka mikate wa hapa amelipenda gari, nitamwachia, litarudia kazi yake ya zamani. Nitapanda basi nije kwenye kile chumba cha nyuma. Mwambie binti yangu atundike pazia. Wewe bado hujanijibu kuhusu kazi yako, lakini sina tena haki ya kumuuliza mtu anaficha nini.

Mdogo wako


Nyumbani, 11 Mei

Mdogo wangu,

Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha nilimkumbatia karani mbele ya watu wote, sasa itabidi nihame posta. Huku tu wazima kabisa. Sote tumelala usingizi jana, kwa mara ya kwanza.

Gari usilitoe. Mwambie mwoka mikate aendelee kutumia baiskeli.

Nimemwambia binti yako kila kitu. Nilimpa barua yako aisome mwenyewe, maana nilijua nikisimulia nitaiharibu. Alilia kwenye ile ya simu kabatini. Alilia zaidi kwenye ile ya bega, kwa sababu, anasema, mama yake alikuwa anamkonyeza kila akikugusa, na yeye hakujua kwa nini. Baadaye akaosha uso akaanza kutoa amri, ni mtoto wako huyo. Amri zake ni hizi. Hapo Mji wa Chumvi kuna hospitali yenye daktari wa masikio, ameshauliza. Uende, upimwe, na kama kuna kifaa cha kuvaa ukivae bila kujitia ujana. Gari lifungwe vioo vikubwa zaidi vya pembeni. Na usiguse usukani ukiwa peke yako, hata kwa kusogeza gari kivulini. Pazia amelikunja, ila hajalirudisha dukani.

Na mimi nikujibu. Chumba cha ushonaji kilifungwa wiki uliyoondoka. Mashine zimepelekwa kwingine, nasi tukapewa mikono na shukrani. Sikukuambia kwa sababu ungegeuza gari siku hiyohiyo, na baada ya msiba ule sikutaka kuwa jambo jingine la kukurudisha nyuma. Kila asubuhi nimekuwa navaa nguo za kazini, natoka na kopo langu la chakula, majirani wananiona, naenda kukaa posta kwenye benchi. Ndiyo maana barua zako nilikuwa nazipokea kwa mkono wangu. Kumbe sote wawili tulikuwa tunajificha, wewe kileleni mwa mlima na mimi mbele ya dirisha la stempu.

Najua utasema mimi nina kizunguzungu cha magari. Ninacho. Nitatapika kona tatu za kwanza, utanivumilia. Ramani siijui kusoma, injini siijui, na gari lako lina kitanda kimoja, kwa hiyo wewe utalala chini. Lakini masikio yangu ni mazima. Nasikia panya akifikiria kuingia jikoni. Tutarudi juu kwenye ile kona yenye kamba nyekundu, utapiga honi, nami nitasikiliza. Likija gari nitakugusa bega. Safari hii utayaona kileleni, mabonde yote mawili, hata ikibidi nikae nimefumba macho kwa kizunguzungu mpaka umalize kuangalia.

Tiketi ya basi nimekwisha kata. Usijibu barua hii, haitanikuta nyumbani.

Yapo mengi tutakayozungumza huko, mdomo kwa macho, polepole. Moja tu siwezi kungoja kufika ndipo nikuambie. Umeandika kwamba wifi yangu alikuwa anakugusa bega, nawe ukadhani ni mapenzi. Ulidhani sawasawa.

Dada yako